Sanctus, Sancta, Sanctum: Maana na Maumbo ya Neno la Kilatini Tunalolitamka “Mtakatifu”

Kati ya maneno yote ya Kilatini yanayosikika katika Liturujia ya Kanisa, huenda hakuna linalorudiwa mara nyingi kuliko *sanctus*. Tunakutana nalo katika ishara ya msalaba, katika Utukufu, katika Kanuni ya Imani, katika Salamu Maria, katika Litania ya Watakatifu na katika Sala ya Ekaristi. Waamini wengi wanaoimba Misa kwa Kilatini wamegundua kwamba neno hili halikai na sura moja. Mara ni *sanctus*, mara *sancta*, mara *sancti*, *sancto*, *sanctam*, *sanctorum*. Wengine hudhani kuwa ni maneno tofauti, na wengine huchagua umbo lolote linalowavutia wanapoandika bango la kwaya au jina la chama cha kitume.

Makala hii inaeleza asili ya neno hilo, maana yake, na jinsi linavyobadilika. Mwishoni itaonekana kwamba si suala la wanasarufi peke yao. Silabi moja ya mwisho wa neno hili inagusa namna tunavyoielewa ibara nzima ya Kanuni ya Imani.

Asili ya neno

Kivumishi *sanctus* kimetokana na kitenzi *sancire*, ambacho kwa Warumi wa kale kilimaanisha kuthibitisha jambo kwa namna isiyoweza kuvunjwa, kuliwekea ulinzi wa sheria au wa dini. Kwa asili, basi, *sanctus* ni “kilichothibitishwa”, “kilichowekewa ulinzi”, “kisichoruhusiwa kuguswa ovyo”. Mwanasheria Gaius, aliyeandika katika karne ya 2, anataja kuta na malango ya mji kuwa miongoni mwa vitu vilivyoitwa *res sanctae*. Kuta hizo hazikuwa mahekalu, wala hakuna sadaka iliyotolewa juu yake. Ziliitwa hivyo kwa sababu aliyezidhuru alistahili adhabu kali. Katika ukoo uleule wa maneno limo *sanctio*, yaani sehemu ya sheria inayotaja adhabu ya mwenye kuivunja.

Wakristo walipoanza kusali na kutafsiri Maandiko kwa Kilatini, walihitaji neno la kubeba uzito wa *qadosh* la Kiebrania na *hagios* la Kigiriki. Walilichukua *sanctus*, na kwa matumizi ya Kanisa neno hilo la sheria na kuta za miji likapanuka. Sasa likamhusu kwanza Mungu mwenyewe, kisha watu na vitu vilivyo vyake.

Kiswahili kilipita njia nyingine kufika hapohapo. Neno letu *takatifu* limetokana na kitenzi *takata*, yaani kuwa safi, kuwa bila doa wala wingu, kama tusemavyo kwamba anga limetakata. Kutoka hapo tuna *takasa*, *takaswa*, *utakaso*, *takatifu* na *utakatifu*. Kilatini nacho kina ukoo wake: *sanctus*, *sanctitas* (utakatifu), *sanctificare* (kutakatifuza), *sanctificatio* (utakatifuzaji) na *sanctuarium* (patakatifu). Kilatini kinaanzia kwenye kutengwa na kulindwa, Kiswahili kinaanzia kwenye usafi. Mwamini anayezijua lugha zote mbili anaona pande mbili za fumbo moja: kilicho cha Mungu kimetengwa kwa ajili yake, na kilicho cha Mungu hakina doa.

Jambo moja zaidi kuhusu asili. Kwa umbo lake, *sanctus* ni neno la kutendwa: anayeitwa hivyo amethibitishwa na mwingine. Tunapolitumia kwa mwanadamu, maana hiyo ya kutendwa inafaa sana, kwa kuwa hakuna aliyejitakatifuza mwenyewe. Hata hivyo, tunapolitumia kwa Mungu hatusemi kwamba yuko aliyemfanya kuwa mtakatifu. Yeye ni Mtakatifu kwa nafsi yake, na utakatifu wa wengine wote ni zawadi kutoka kwake. Ndiyo maana katika utenzi wa Utukufu Kanisa linamkiri Kristo kuwa ndiye peke yake Mtakatifu, na bado halioni ukinzani wowote kuwaita Petro, Monika au Karoli Lwanga kwa jina hilohilo.

Ndugu za *sanctus*: *sacer* na *beatus*

Kiswahili hutumia neno *takatifu* mahali ambapo Kilatini kina maneno zaidi ya moja. La kwanza ni *sacer, sacra, sacrum*, ambalo hutaja zaidi kitu kilichowekwa wakfu. Kwa hiyo Maandiko Matakatifu ni *Sacra Scriptura*, na Daraja Takatifu ni *Ordo sacer*. Kwa ufupi, *sacer* huelekea kutaja mahali kitu kilipowekwa, na *sanctus* huelekea kutaja hali ya yule aliyeguswa na Mungu. Mpaka kati yake si ukuta, na mara nyingine maneno yote mawili huungana kuwa neno moja, *sacrosanctus*. Hilo ndilo linaloanza hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, *Sacrosanctum Concilium*, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963. Neno *concilium*, mtaguso, si la kiume wala la kike katika Kilatini, na ndiyo sababu kivumishi chake kinaishia na *-um*.

La pili ni *beatus, beata, beatum*, yaani “mwenye heri”. Leo Kanisa hutumia neno hilo kama hatua rasmi: anayetangazwa *beatus* ni Mwenyeheri, na anayetangazwa *sanctus* ni Mtakatifu. Wafiadini wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake, waliitwa *beati* tangu tarehe 6 Juni 1920 walipotangazwa na Papa Benedikto XV. Waliitwa *sancti* tangu tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo VI alipowaandika katika orodha ya watakatifu. Lakini neno *beatus* ni la zamani kuliko utaratibu huo. Kwa hiyo Mama wa Mungu huitwa *Beata Maria Virgo* katika vitabu vya Liturujia, na asifikiri mtu kwamba Kanisa limemweka ngazi ya chini ya watakatifu wengine.

Jinsi neno linavyobadilika

Mswahili hana sababu ya kuogopa maumbo ya Kilatini, kwa kuwa lugha yake mwenyewe humfundisha upatanisho wa kisarufi tangu utotoni. Sisi husema *mtu mtakatifu*, *watu watakatifu*, *kitabu kitakatifu*, *vitabu vitakatifu*, *jina takatifu*, *majina matakatifu*, *mlima mtakatifu*, *milima mitakatifu*, *mahali patakatifu*. Nomino inatawala, na kivumishi kinaitii. Tofauti ni kwamba Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno kufuata ngeli, na Kilatini hubadilisha mwisho wa neno kufuata mambo matatu.

La kwanza ni jinsia ya nomino: ya kiume, ya kike, au ile ya kati isiyo ya kiume wala ya kike. Hii ni jinsia ya kisarufi, si ya kimwili. *Ecclesia*, kanisa, ni ya kike. *Locus*, mahali, ni ya kiume. *Templum*, hekalu, ni ya kati. La pili ni idadi, yaani umoja au wingi. La tatu ni uhusika, yaani kazi ya nomino katika sentensi: ni mtenda, ni mtendwa, ni mmiliki, ni mpokeaji, au ni mwenye kuitwa.

Haya ndiyo maumbo ya umoja:

| Uhusika | Kiume | Kike | Kati |
|---|---|---|---|
| Nominativus (mtenda) | sanctus | sancta | sanctum |
| Genitivus (wa, ya, cha…) | sancti | sanctae | sancti |
| Dativus (kwa, kwa ajili ya) | sancto | sanctae | sancto |
| Accusativus (mtendwa) | sanctum | sanctam | sanctum |
| Ablativus (kwa, katika, kutoka) | sancto | sancta | sancto |
| Vocativus (kuita) | sancte | sancta | sanctum |

Na haya ni ya wingi:

| Uhusika | Kiume | Kike | Kati |
|---|---|---|---|
| Nominativus | sancti | sanctae | sancta |
| Genitivus | sanctorum | sanctarum | sanctorum |
| Dativus | sanctis | sanctis | sanctis |
| Accusativus | sanctos | sanctas | sancta |
| Ablativus | sanctis | sanctis | sanctis |
| Vocativus | sancti | sanctae | sancta |

Msomaji ataona kwamba umbo moja laweza kufanya kazi kadhaa. *Sancta* ni “mtakatifu” wa kike katika umoja, na pia ni “vitu vitakatifu” katika wingi wa jinsia ya kati. *Sancti* ni “wa mtakatifu” na pia ni “watakatifu”. Maana halisi hupatikana kwa kutazama maneno yaliyo jirani.

Kuhusu matamshi ya Kanisa, *c* iliyo mbele ya *t* hutamkwa *k*: *sánktus*. Herufi *ae* husomwa *e*, hivyo *sanctae* ni *sánkte*. Mkazo wa *sanctus* uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama ilivyo kawaida ya Kiswahili, na vivyo hivyo *sanctórum*. Lakini katika *sanctíssimus* mkazo uko kwenye silabi ya tatu kutoka mwisho, na hapo wanakwaya wetu wanapaswa kuwa waangalifu.

Daraja za ulinganisho

Kilatini hubadilisha kivumishi pia kwa ajili ya kulinganisha. *Sanctior* (kwa jinsia ya kati *sanctius*) ni “mtakatifu zaidi”, na *sanctissimus, sanctissima, sanctissimum* ni “mtakatifu sana” au “mtakatifu kupita wote”. Tunalifahamu umbo hili hasa katika ibada ya Ekaristi: *Sanctissimum Sacramentum*, au kwa kifupi *Sanctissimum*, ni Sakramenti Takatifu inayowekwa wazi altareni ili iabudiwe.

Kiebrania cha Maandiko hakikuwa na umbo la namna hiyo. Kilisisitiza kwa kurudia. Ndiyo sababu maserafi katika maono ya nabii Isaya (Isa 6:3) wanalitamka neno hilo mara tatu, na viumbe wenye uhai katika kitabu cha Ufunuo (Ufu 4:8) wanafanya vilevile. Watafsiri wa Kilatini wangeweza kuandika *sanctissimus* mara moja na kuwa sahihi kisarufi. Badala yake walihifadhi urudiaji, na Kanisa nalo likauweka katika wimbo unaofunga Utangulizi wa Sala ya Ekaristi. Mapokeo ya Kikristo yakaona humo pia dokezo la Nafsi tatu za Mungu mmoja.

Njia nyingine ya Kiebrania ya kusisitiza ni kuliunganisha neno na wingi wake mwenyewe. Chumba cha ndani kabisa cha Hekalu, alimoingia Kuhani Mkuu mara moja kwa mwaka, huitwa kwa Kilatini *Sancta sanctorum*, na kwa Kiswahili *Patakatifu pa patakatifu*. Kilatini kinasema “vitakatifu vya vitakatifu”. Kiswahili, kwa kuwa kina ngeli ya mahali, kimechagua *pa-*, na kimelieleza jambo lenyewe kwa usahihi. Huko Roma jina hilo limepewa kikanisa kilicho juu ya *Scala Sancta*, Ngazi Takatifu zenye vidato 28, karibu na Basilika la Laterano.

Katika sala tunazozijua

*Roho Mtakatifu.* Neno *spiritus* ni la kiume, lakini hufuata utaratibu wa maumbo tofauti na ule wa *sanctus*. Kwa hiyo miisho haifanani kila mara: *Spiritus Sanctus* (Roho Mtakatifu), *Spiritus Sancti* (wa Roho Mtakatifu, kama katika ishara ya msalaba), *Spiritui Sancto* (kwa Roho Mtakatifu, kama katika Atukuzwe Baba), *Spiritum Sanctum* (tunapomkiri katika Kanuni ya Imani). Upatanisho si kufanana kwa sauti, ni kukubaliana katika jinsia, idadi na uhusika.

Hapa Kiswahili nacho kina neno la kusema. Nomino *roho* iko katika ngeli ya I-ZI. Twasema *roho yangu*, *roho zetu*. Kwa sarufi tupu tungetarajia “Roho takatifu”. Lakini Wakristo husema *Roho Mtakatifu*, naye *anashuka*, *anaongoza*, *anafariji*. Upatanisho wa ngeli ya watu umekuwa ungamo la imani: huyu si nguvu wala upepo, ni Nafsi ya tatu ya Utatu. Kigiriki hakikupata nafasi hiyo, kwa kuwa *pneuma* ni neno la jinsia ya kati. Kiebrania kwa kawaida hulitumia *ruach* kama la kike. Na Kilatini kina *spiritus* la kiume. Mungu hafungwi na jinsia ya nomino yoyote. Hata hivyo, kiambishi kidogo *m-* kinamlinda mwamini wa Kiswahili asimgeuze Roho kuwa kitu.

*Maria Mtakatifu.* Sehemu ya pili ya Salamu Maria huanza kwa *Sancta Maria*. Hapa *sancta* ni umbo la kuita, umoja, la kike. Katika jina la Basilika la Roma, *Sanctae Mariae Maioris*, limegeuka *sanctae* kwa kuwa tunasema “la Maria”.

*Litania.* Katika Litania ya Watakatifu tunaita, hivyo wanaume huitwa kwa umbo la *sancte*: *Sancte Petre*, *Sancte Paule*, *Sancte Ioseph*. Wanawake huitwa *sancta*: *Sancta Monica*, *Sancta Agnes*. Jina *Ioseph* halibadiliki kamwe katika Kilatini, kwa kuwa limetoka Kiebrania likabaki lilivyo. Hapo kivumishi peke yake ndicho hutuambia kazi ya jina: *Sancti Ioseph* ni “wa Mtakatifu Yosefu”, *Sancto Ioseph* ni “kwa Mtakatifu Yosefu”. Kwetu pia hali hiyo ipo: neno *malaika* halibadiliki, na ni kivumishi kinachotofautisha *malaika mtakatifu* na *malaika watakatifu*.

*Kalenda.* Katika kalenda ya Liturujia majina huwa katika genitivus, kwa sababu neno “sikukuu ya” au “kumbukumbu ya” huwa limefichwa. Tarehe 8 Februari ni ya *Sanctae Iosephinae Bakhita*. Tarehe 3 Juni ni ya *Sanctorum Caroli Lwanga et sociorum*. Tarehe 7 Machi ni ya Perpetua na Felisita, mashahidi wa Kartago, ambao kwa kuwa wote ni wanawake huwa *Sanctarum*. Wakichanganyika mwanamume na mwanamke, Kilatini hutumia umbo la kiume: Yoakimu na Anna, tarehe 26 Julai, ni *Sanctorum*. Vifupisho vyake ni *S.* kwa mmoja na *Ss.* kwa wengi, kama sisi tuandikavyo *Mt.* na *Wat.*

*Siku na mahali.* *Terra Sancta* ni Nchi Takatifu. *Porta Sancta* ni Mlango Mtakatifu unaofunguliwa wakati wa Jubilei. *Sabbatum Sanctum* ni Jumamosi Kuu. *Hebdomada Sancta* ni Juma Kuu. Katika mifano miwili ya mwisho, Kiswahili hakikutumia “takatifu”. Kilatini chenyewe kina jina jingine la juma hilo, *Hebdomada Maior*, yaani Juma Kuu, na jina letu linalingana na hilo.

Makosa yanayopaswa kuepukwa

Parokia, kwaya na vyama vya kitume vinavyopenda kutumia Kilatini katika mabango, sare na mihuri vizingatie haya:

1. Jina la mwanamke huchukua *sancta*: *Sancta Caecilia*, *Sancta Rita*. Kuandika “Sanctus Caecilia” ni kosa sawa na kusema “kitabu mtakatifu”.
2. Jina la mwanamume huchukua *sanctus* linapotajwa tu, lakini *sancte* anapoitwa katika sala.
3. Familia Takatifu ni *Sancta Familia*, kwa kuwa *familia* ni nomino ya kike, hata kama wamo Yesu na Yosefu.
4. Ukitaka kusema “Parokia ya Mtakatifu Petro”, umbo ni *Paroecia Sancti Petri*, si *Sanctus Petrus*.
5. *Santo* na *Santa* ni maneno ya lugha zilizozaliwa na Kilatini, kama Kiitaliano; si Kilatini chenyewe. Yasichanganywe katika maandishi mamoja.

Swali la *sanctorum*

Sasa tufike kwenye ibara tuliyoitaja mwanzoni. Katika Kanuni ya Imani ya Mitume tunakiri *sanctorum communionem*, ambayo kwa Kiswahili ni “ushirika wa watakatifu”. Msomaji arudi kwenye jedwali la wingi na kutazama mstari wa genitivus. Ataona kwamba *sanctorum* ni umbo la kiume na pia ni umbo la jinsia ya kati. Kwa hiyo laweza kutoka kwa *sancti*, watu watakatifu, au kwa *sancta*, vitu vitakatifu. Kwa Kilatini mtu anaweza kutamka ibara hii maisha yake yote bila kulazimika kuchagua.

Kiswahili hakitupi uhuru huo. Ngeli zetu zinadai jibu: ni ushirika wa *watakatifu*, au ni ushirika katika *vitakatifu*? Tafsiri yetu imechagua *wa-*, nayo ni sahihi. Lakini kwa kuchagua hivyo, nusu ya pili ya maana imebaki nyuma ya pazia, na mwamini anayesali kwa Kiswahili tu huenda asiijue.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 948, inafundisha kwamba maneno haya yana maana mbili zilizofungamana: ushirika katika vitu vitakatifu, na ushirika kati ya watu watakatifu. Vitu vitakatifu ni imani tuliyopokea, sakramenti, karama, na zaidi ya vyote Ekaristi. Watu watakatifu ni wote walio wa Kristo: wanaosafiri bado hapa duniani, wanaotakaswa baada ya kufa, na walio katika utukufu. Hizi si tafsiri mbili zinazogombana. Watu wanakuwa na umoja kwa sababu wanashiriki kitu kimoja kitakatifu. Na kitu hicho kitakatifu kimetolewa ili kuwafanya watu kuwa wamoja.

Katika Liturujia nyingi za Mashariki, kabla ya Komunyo, kuhani huinua Vipaji na kutangaza maneno ambayo kwa Kilatini ni mawili tu: *Sancta sanctis*. La kwanza ni wingi wa jinsia ya kati. La pili ni dativus ya wingi. Kwa Kiswahili tangazo hilo linaeleweka papo hapo: *Vitakatifu kwa watakatifu*. Viambishi *vi-* na *wa-* vimebainisha vizuri kile ambacho Kilatini na Kigiriki hukibainisha kwa miisho ya maneno.

Nani basi anaitwa mtakatifu?

Hapa mwamini wa kawaida hujiuliza: kama Vitakatifu ni kwa watakatifu, mimi nina nafasi gani? Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba watakatifu ni wale tu wenye sanamu kanisani na siku katika kalenda. Mazoea hayo yana madhara mawili. Wengine hukata tamaa wakaona utakatifu ni wa watu wa kabila jingine. Wengine hustarehe wakisema, “Mimi si mtakatifu,” kana kwamba maneno hayo yanawasamehe wajibu wao.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma, Korintho na Filipi akiwaita kwa neno ambalo Biblia ya Kilatini imelitafsiri *sancti*. Tukumbuke Wakorintho walikuwa watu wa namna gani. Katika barua ileile anawakemea kwa mafarakano, kwa kupelekana mahakamani ndugu kwa ndugu, na kwa kuwaacha maskini na njaa walipokusanyika kwa Chakula cha Bwana. Hata hivyo hakuwanyang'anya jina hilo. Aliwaita watakatifu kwa sababu ya kile walichotendewa katika Ubatizo, kisha akawadai waishi kulingana na jina lao. Ile maana ya kutendwa iliyo katika asili ya *sanctus* inafaa hapa kabisa: Mungu ametutia muhuri wake kwanza, na mwenendo wetu unapaswa kufuata.

Tarehe 21 Novemba 1964, mwezi mmoja na siku chache baada ya kutangazwa kwa Wafiadini wa Uganda, Mtaguso ulitoa hati *Lumen Gentium*, ambayo sura yake ya tano inafundisha kwamba waamini wote, wa kila hali na daraja, wameitwa kwenye utimilifu wa maisha ya Kikristo na ukamilifu wa mapendo. Hati hiyohiyo, namba 8, inafundisha kwamba Kanisa ni takatifu na wakati huohuo lina wakosefu kifuani mwake, hivyo linahitaji kutakaswa daima. Tunapokiri *sanctam Ecclesiam*, basi, hatusemi kwamba kila aliye ndani yake ametakata. Tunasema kwamba Kristo amejitoa kwa ajili yake na hamwachi.

Kanisa linapomwandika mtu katika orodha ya watakatifu, halimpi jina ambalo wengine wamekatazwa. Linathibitisha kwamba ndani yake kazi iliyoanza katika Ubatizo imefika mwisho mwema, na linampendekeza kwetu awe mfano na mwombezi.

Faida kwa mwamini

Mtaguso, uliporuhusu lugha za watu zitumike kwa wingi katika Liturujia, uliagiza pia (*Sacrosanctum Concilium*, namba 54) kwamba waamini waweze kusema au kuimba pamoja kwa Kilatini sehemu za Misa zinazowahusu. Anayejua maumbo haya machache ya *sanctus* tayari ameshika ufunguo wa sala nyingi. Akiimba *Sanctus*, atajua anamwelekea nani. Akisoma *Sanctae* au *Sanctorum* katika kalenda, atajua ni siku ya mmoja au ya wengi, ya mwanamke au ya mashahidi waliochanganyika.

Na Jumapili ijayo, tutakapofika katika Kanuni ya Imani kwenye maneno “ushirika wa watakatifu”, tukumbuke kwamba ndani yake vimo pia vitakatifu. Muda mfupi baadaye mkate na divai vitapelekwa altareni, vitageuzwa kuwa Mwili na Damu ya Kristo, na tutaalikwa kuvishiriki. Tukiwa na dhambi nzito, kitubio kinatungoja kwanza. Tukiwa katika neema, tusogee kwa unyenyekevu na kupokea, tukiwaombea waliotutangulia na tukijua kwamba aliye jirani yetu kwenye mstari wa Komunyo ameitwa kwa jina lilelile tuliloitwa sisi.